Jina la Shosho Msalabani

Kama umewahi kushuka Runyenjes kwa mazishi, unaijua picha. Mat mliipanda Tea Room alfajiri, mkifika hema ziko tayari, wakubwa wanasoma wasifu wa marehemu, na watoto wametumwa nyuma ya jikoni wakacheze. Nani amewaeleza kitu? "Shosho amelala." Basi.

Huko Embu mtoto hurithi jina la nyanya au babu. Binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Sasa fikiria binamu yangu wa miaka 7, ndiyo kwanza amejua kusoma. Alisimama kando ya kaburi, akausoma msalaba herufi kwa herufi, akakuta jina lake. Usiku huo alikataa kulala. Wewe ungelala?

Wazee walimwambia, "Shosho hajaenda, shosho ni wewe." Kwao hiyo ni faraja, na mimi naipenda desturi hiyo. Lakini kama kulala ndiko kulikompeleka shosho ardhini, na shosho ni yeye, mtoto angefikiria nini?

Nikatafuta hadithi ya kumsomea. Tuna Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ambamo Kongowea anampoteza mama akiwa bado mdogo. Tamu sana, ila ni riwaya ya watu wa sekondari, si ya mtoto wa gredi ya pili. Mwishowe nilimsimulia kitabu cha Mmarekani Tomie dePaola, Nana Upstairs & Nana Downstairs, cha 1973. Mvulana anampoteza nyanya mkuu aliyekuwa rafiki yake. Mama yake hamfichi, anatamka wazi kwamba amekufa. Mtoto anakimbia chumbani, anakuta kitanda kitupu. Hakuna cha "amelala" wala "amesafiri".

Binamu alisikiliza, akauliza kama nyanya huyo alikuwa na kuku. Hakuwa nao. Akasema hadithi hiyo imekosewa.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Ukirudi ushago kuzika, usikwame kwenye simu. Mtafute yule mdogo nyuma ya jikoni, muulize shosho alikuwa akimpikia nini, akimwitaje, akimgombeza kwa lipi. Shika daftari, mwandike pamoja. Lile neno gumu lisiachwe nje.

Ya kwetu tuliiandika kwa penseli. Mstari wa kwanza: Shosho alikufa Jumanne. Iliyobaki, kurasa tatu nzima, ni kuhusu kuku.