Land Rover Iliyolala Bangwe: Utengeneze Kabureta au Ununue Nyingine?

Mwenye Land Rover Series III iliyolala uani kwa miaka, iwe Bangwe, Ujiji au Mwandiga huku Kigoma, akienda gereji huambiwa upesi anunue kabureta nyingine. Namsihi asitoe pesa bado. Mara nyingi kabureta haijafa, imezibwa tu. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi huruka na kubaki gundi ya rangi ya kahawia inayoziba jeti na kunasa sindano ya boya.

Shilingi ya kwanza iende kwenye tanki. Magari haya yaliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985 yana matanki ya bati, na tanki lililokaa nusu tupu kwa misimu kadhaa ya mvua hushika kutu kwa ndani. Mwaga mafuta yote ya zamani, shusha tanki, lioshe, badilisha mipira ya petroli na chujio. Ukifunga kabureta mpya juu ya tanki chafu, kutu ileile itashuka kwenye jeti mpya na utalipa mara mbili. Kisha ng'oa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, uzungushe injini kwa hendeli. Isipozunguka, kabureta siyo tatizo lako la kwanza.

Sasa nani aifungue kabureta? Mafundi wengi wa magari siku hizi wamezoea injini zinazoongozwa na kompyuta. Kigoma ina bahati yake hapa: fukweni, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wako mafundi wa injini za boti, na kabureta ndiyo kazi yao ya kila siku. Mimi ningempa kazi fundi wa namna hiyo kuliko gereji yenye bango kubwa. Sharti ni moja: asichokonoe jeti kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo tu, gari litakunywa petroli kupita kiasi. Jeti iloweshwe kwenye dawa ya kusafishia, kisha ipulizwe kwa upepo wa kompresa.

Nyingi za Land Rover hizi za petroli, zenye injini ya sentimita za ujazo 2,286, zilitoka kiwandani na kabureta ya Zenith 36 IV. Ugonjwa wake unajulikana: uso wa kukutania wa kifuniko na bodi hupinda, na oringi iliyo kati yake huvujisha. Petroli huingia kwa wingi, moshi unakuwa mweusi, gari linazima ukiachia mafuta. Dawa yake ni msasa laini juu ya kioo bapa, uso usuguliwe mpaka unyooke, na oringi mpya. Gasketi, oringi na sindano, hata ukiongeza nauli ya kifurushi kutoka Dar es Salaam, ni sehemu ndogo ya bei ya kabureta nzima.

Kabla ya kulipa, shika mhimili wa kipepeo kinachofungua hewa ndani ya kabureta, uutikise. Ukicheza sana, hewa inapenya pembeni na kusafisha hakutasaidia. Hapo ndipo kabureta mpya ya Weber 34 ICH inapostahili kufikiriwa. Hupunguza nguvu mlimani, lakini inakunywa kidogo, na petroli ya Kigoma ni ghali kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo anayeendesha kila siku atarudishiwa fedha yake polepole. Anayelitoa gari Jumapili tu hatarudishiwa. Kabureta za kuiga zisizo na jina ni rahisi kununua, ila jeti zake mara nyingi hazilingani na injini, nami sizipendekezi.

Na wazo la kutoa injini ya petroli na kufunga ya dizeli kwa sababu ya kabureta tu ni hasara: utalipia injini, vishikizo vyake, na kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari.

Kama mhimili hauchezi, tengeneza Zenith yako. Kama unacheza na gari ni la kazi, nunua Weber. Na kwa vyovyote vile, safisha tanki kwanza.