Mikeka, Manabii na Rekodi za Thika Road

Sensa ya mwaka 2019 ilipoitaja Ruiru kuwa mji wa nne kwa wingi wa watu nchini Kenya, kuna waliodhani karani amekosea safu. Wakazi 490,120, mbele ya Eldoret na Kisumu! Thika, inayojiona kaka mkubwa wa barabara hii, ilikuwa na 251,407. Katikati ya miji hiyo miwili ipo Juja na chuo kikuu chake cha JKUAT. Ongeza Mount Kenya University pale Thika, Zetech pale Ruiru, na Kenyatta ukiteremka Kahawa, upate ukanda mmoja uliojaa vijana wenye simu, bando na msimamo mkali kuhusu mechi ya Jumamosi.

Hao ndio manabii wetu. Kampuni ya GeoPoll ilipowahoji vijana wa nchi 6 za Afrika mwaka 2017, Wakenya waliongoza: 76 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kubeti. Ghana, walioburura mkia, walikuwa 42. Kwa hiyo tukizungumzia rekodi za utabiri, hatuna haja ya kwenda mbali. Kigezo changu hapa ni kimoja tu: umbali kati ya kilichotabiriwa na kilichotokea.

Mkeka mrefu kuliko yote, yaani orodha ya mechi unazobashiri kwa pamoja, ni ule wa mechi 17. Jakpoti kubwa ya kampuni ya kamari ya SportPesa ilimtaka mtu ataje matokeo ya mechi zote hizo, kila moja ikiwa na majibu matatu: mwenyeji, sare, mgeni. Piga hesabu. Michanganyiko inayowezekana ni 129,140,163. Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019, vitoto vichanga vikiwemo, walikuwa milioni 47.6. Kila mmoja wao angejaza mkeka wake usiofanana na wa mwenzake, na bado karibu thuluthi mbili ya michanganyiko ingebaki haina mwenyewe. Bila shaka soka si kurusha sarafu, timu kubwa hushinda mara nyingi kuliko ndogo, na ndiyo maana mlima huo ulipandwa. Samuel Abisai aliupanda mwaka 2017 akaondoka na zaidi ya shilingi milioni 221. Februari 2018 akaja Gordon Ogada na zaidi ya milioni 230. Septemba mwaka huohuo Cosmas Korir akabeba zaidi ya milioni 208. Watu watatu, chini ya miaka miwili. Picha zao na zile hundi pana kama mlango ziliwapa watu moyo kuliko tangazo lolote la redio, na nina hakika hakuna bweni kati ya Kahawa na Makongeni ambalo wiki hizo halikuwa na profesa wa jakpoti.

Hadithi inayosimuliwa zaidi, hata hivyo, si ya aliyeshinda. Ni ya aliyekosa timu moja. Kila kibanda kina wake. Ana ushahidi wa picha kwenye simu, na hata kama ni ya miaka mitatu iliyopita atakuonyesha kabla chai haijapoa.

Mkeka unaochanika mapema zaidi ni wa mechi ile ya kwanza ya Uingereza, inayoanza saa nane unusu mchana wetu (au saa tisa unusu, kule kwao kukiwa majira ya baridi). Kadi nyekundu dakika ya nne, penalti, basi. Timu nyingine 11 za kwenye mkeka bado hata hazijafunga kamba za viatu, na mwenye mkeka tayari ameshaingia kwenye majonzi. Simama Gate C ya Juja saa hiyo utasikia vilio vya kila kabila. Lakini sikiliza pia kabla ya mechi, maana hapo ndipo elimu ilipo. "Msee, weka GG hapo, hizo timu zote defensi ni karatasi," mmoja anashauri, maana yake timu zote mbili zitafunga. Mwenzake anakataa: kipa wa wageni amepona jeraha na kurudi. Timu zenyewe ni za daraja la pili kule Norway. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga huko, ila wanamjua kipa, goti lake na daktari wake.

Odi kubwa zaidi iliyowahi kulipa mbele ya macho ya kizazi hiki ni ya Leicester City. Msimu wa 2015/16 ulianza wakipewa 5,000 kwa 1 kutwaa ubingwa wa Uingereza, wakautwaa. Tangu hapo kila anayepanga upuuzi kwenye mkeka hujitetea kwa Leicester.

Lakini kwa kigezo changu, Leicester hawaufikii uwanja wa Kasarani, na Kasarani ni yetu, ipo hapohapo Thika Road. Tarehe 7 Julai 2019 Everton walikuja kucheza na Kariobangi Sharks. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza dhidi ya vijana wa mtaa wa Kariobangi: swali la mashabiki lilikuwa Everton watafunga ngapi. Dakika 90 zikaisha 1-1, Sharks wakashinda 4-3 kwa penalti. Kulikuwa na jambo jingine siku hiyo ambalo wabashiri hawakuliweka kwenye mkeka. SportPesa, mdhamini aliyewaleta Everton, aliingia mwezi huo leseni yake ikiwa imegoma kufanywa upya, na hakuwa peke yake: kampuni 27 za kamari zilikataliwa. Kufikia mwisho wa Septemba SportPesa ilifunga shughuli zake Kenya, ikilalamikia ushuru mpya wa asilimia 20 juu ya kila dau, na haikurudi hadi mwaka uliofuata.

Ushuru wenyewe unastahili mstari wake kwenye orodha hii. Asilimia 20 ilifutwa 2020, ikarudi kwa sura ya 7.5 mwaka 2021, ikapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ikawa 15 mwishoni mwa 2024, kisha sheria ya fedha ya 2025 ikaugeuza kuwa asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye akaunti ya kubeti. Serikali haijali nani atafunga. Ndiyo mchezaji pekee asiyechanikiwa mkeka, na haijawahi kula karo ya muhula kwa ajili ya Arsenal, jambo ambalo wanafunzi kadhaa wa barabara hii hawawezi kulisema.

Agosti 2025 Kasarani ikavunja rekodi yake yenyewe. Michuano ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, ililetwa Kenya, Tanzania na Uganda, na timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ambao hawakuwa wamewahi kuicheza, wakatupwa kundi moja na Morocco na DR Kongo, mabingwa mara mbili kila mmoja, pamoja na Angola na Zambia. Hata mzalendo aliyechorwa bendera usoni alikuwa akiomba wasipigwe nyingi. Wakaanza kwa kuifunga Kongo 1-0, bao la Austin Odhiambo. Wakatoka sare 1-1 na Angola. Kisha Morocco: Ryan Ogam akafunga, Kenya wakabaki 10 kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili chote kikawa ni kuondoa mipira na kutazama saa. 1-0. Zambia nao wakaenda kwa bao jingine la Ogam. Pointi 10, kileleni mwa kundi. Sasa wale waliokuwa wakiomba huruma wakageuka, kila mkeka ukawa na Kenya, na hapo ndipo Madagascar walipokuja robo fainali wakatutoa kwa penalti, 4-3, baada ya 1-1. Morocco ndio waliochukua kombe, wakiifunga Madagascar 3-2 kwenye fainali, na katika mechi zao zote waliofungwa nao ni Kenya pekee. Kwa hiyo tulitabiri vibaya mara mbili kwa mwezi mmoja: tuliwadharau Stars walipokuwa moto na kuwaamini walipochoka.

Mtu mmoja aliyeshinda utabiri wote ni Michael Olunga, na Thika inapaswa kumjivunia zaidi kuliko inavyomjivunia. Mwaka 2014, akiwa kijana anayesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, alicheza Thika United kwa mkopo kutoka Tusker. Mwaka uliofuata alikuwa Gor Mahia, timu iliyochukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Januari 2018, akitokea benchi, aliifungia Girona mabao matatu dhidi ya Las Palmas, na hakuna mchezaji wa Girona aliyewahi kufanya hivyo katika La Liga kabla yake. Novemba 2019 Kashiwa Reysol iliipiga Kyoto Sanga 13-1, na 8 kati ya hayo yalikuwa yake. Mwaka 2020 akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani. Mtu angeketi uwanjani Thika mwaka 2014 akasema yote hayo kwa sauti, wangemnyang'anya chupa. Thika United yenyewe ilishuka daraja mwaka uleule wa Girona.

Wanawake wa Thika nao hawakuwa kwenye mkeka wa mtu. Thika Queens walitwaa Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2020/21 huku wanaume wa mtaa wakibishana kuhusu Chelsea. Baadaye timu ikachukuliwa na polisi ikawa Kenya Police Bullets, na mwaka 2024 ikafika fainali ya michuano ya CECAFA ya kufuzu Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Pale Ruiru, Zetech Sparks, timu ya chuo, ilipanda hadi ligi hiyohiyo. Jaribu kutafuta mtu aliyepata utajiri kwa kuitabiria.

Na hapa ndipo ninapowapa tuzo watabiri bora wa barabara hii: wale wanaotabiri mechi za vyuo, ambazo hazina odi wala jakpoti. Hawahitaji takwimu za Norway. Wanauliza maswali ya maana. Je, pesa za HELB, mkopo wa wanafunzi, zimeingia? Mshambuliaji aliyekula wiki nzima si sawa na anayeishi kwa chai. Wiki hii kuna mtihani wa CAT? Basi kiungo wa uhandisi atacheza akiwaza fomula. Imenyesha usiku? Udongo mweusi wa Juja unashika viatu, timu ya pasi fupi itateseka, weka sare. Basi la wageni limepita Githurai saa ngapi? Likikwama hapo asubuhi, wataingia uwanjani miguu imelala, na bao la kwanza litakuwa la wenyeji ndani ya dakika 15.

Nabii wa namna hii husimama kando ya mstari, smoki mkononi, anataja matokeo kabla ya filimbi, tena na mfungaji wake. Dau ni chapo madondo. Akikosa, analipa HELB ikiingia.