Unga Ukimwagika Majuu, Nani Anakula Posho?

UKIKAA kijiweni, iwe Kinondoni au Magomeni, hadithi hii huikosi: majuu raha bwana, hata ukimwaga unga serikali inakulipa, wewe kazi yako kulala na kuangalia TV! Waingereza posho hiyo wanaiita "dole". Sasa msomaji wangu, wapo walioikwea pipa wakiitegemea, na dole pekee walilolipata ni la kuuma kwa majuto.

Posho ipo, hilo halina ubishi. Ila hailipwi kwa sababu unaishi London, wala kwa huruma. Kwanza wanaangalia umechangia nini, halafu viza yako inasema nini.

ZIKO MBILI, USIZICHANGANYE

Ya kwanza inaitwa Universal Credit, ilianza mwaka 2013. Hii ni fedha ya umma, anapewa mwenye kipato kidogo. Wabongo wengi walioko kule kwa viza ya kazi au ya masomo wameandikiwa kabisa kwamba fedha za umma wasiguse. Ukijifanya mjanja ukajaza fomu, umevunja masharti. Siku ya kuomba kuongezewa viza ndipo utakapoona kasheshe.

Ya pili ni Jobseeker's Allowance. Ile inayotokana na makato ya bima ya taifa, yaani National Insurance, haihesabiwi kuwa fedha ya umma, maana umeichangia mwenyewe. Kwa kawaida uwe umekatwa kwenye mshahara katika miaka miwili mitatu iliyopita. Mwaka wa fedha 2025/26, aliye chini ya miaka 25 aliwekewa hadi pauni 72.90 kwa wiki, na wa 25 kwenda juu hadi pauni 92.05. Mwisho miezi sita, na muda wote huo uonyeshe kweli unasaka kazi. Kwa kodi za vyumba vya London, hizo ni hela za kuzugia tu. Na kama uliacha kazi mwenyewe kwa hasira, malipo yanaweza kusimamishwa kwanza.

MTEGO WA SIKU 60

Hapa ndipo wengi wananasa. Aliyeitwa na mwajiri kwa viza ya kazi, kibarua kikiota nyasi, Uhamiaji wa Uingereza kwa kawaida humfupishia muda hadi siku 60. Ndani ya siku hizo apate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kuajiri wageni, aombe viza upya, au afungashe virago. Posho kwenye makaratasi ni ya miezi sita, lakini miguu yako imepewa miezi miwili! Kwa hiyo siku ya kwanza baada ya kupigwa buti, tafuta mwajiri. Hesabu za posho zije baadaye.

Na wewe unayelipwa mkononi bila makato, unajiona umewin? Siku ya shida huna rekodi. Anayepiga mzigo kwa makaratasi ya mshikaji ndio balaa zaidi: makato yote yanaingia kwa jina la mshikaji.

DUBAI NAKO

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Falme za Kiarabu zilianzisha bima ya kukosa kazi Januari 1, 2023. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirham 16,000 anachangia dirham 5 tu kwa mwezi. Akipoteza kazi analipwa asilimia 60 ya mshahara huo wa msingi, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Lakini awe amechangia miezi 12 mfululizo, adai ndani ya siku 30, na asiwe ameacha kazi mwenyewe au kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Cha kusikitisha, wafanyakazi wa majumbani hawamo. Dada zetu wengi wanaokwenda kule kufanya kazi za ndani, bima hii haiwahusu.

UKIPANDA NDEGE, BASI

Kuna wanaoota kurudi Sinza, halafu hela ziendelee kuingia benki kila wiki. Thubutu! Ukihama Uingereza posho inakatika, na Dubai vilevile ukiondoka nchini umepoteza haki. Kuendelea kupokea kimyakimya ni kosa, na watakudai. Kinachobaki Uingereza ni rekodi ya makato: ukifikisha miaka 10, uzeeni unaweza kudai pensheni hata ukiwa Bongo.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuondoka, soma masharti ya viza neno kwa neno. Kila mwezi kagua karatasi ya mshahara uone makato yameingia kwa jina lako. Na kabla ya kutuma zote nyumbani, weka nauli na kodi ya miezi miwili pembeni. Mama atakuelewa. Mwenye nyumba wa London hana undugu na mtu.