Bakteria wa Utumbo na Hedhi Isiyo na Mpangilio
Mwanamke anayekaa zaidi ya siku 35 bila kuona hedhi, akaandamwa na chunusi na kuota ndevu kidevuni, mara nyingi huambiwa tumbo lake ni chafu, kisha huuziwa dawa ya kulisafisha. Huenda ana sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, inayompata takriban mwanamke mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Utumbo hautajwi bure. Mwaka 2019 watafiti nchini China walieleza kuwa bakteria aitwaye Bacteroides vulgatus alikuwa mwingi zaidi kwa wanawake wenye hali hiyo. Alipopandikizwa kwa panya, ovari zao zilivurugika na insulini ikashindwa kufanya kazi ipasavyo. Insulini inapozidi mwilini, ovari huchochewa kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na yai halipevuki.

Hata hivyo, panya si binadamu, na dawa ya kuharisha haichagui bakteria wa kuondoa. Maharage, dona na mboga za majani huwalisha bakteria wenye manufaa, lakini hazichukui nafasi ya tiba. Wengi waliokata tamaa ya kupata mtoto hushika mimba wakitibiwa. Mwenye dalili hizi afike kituo cha afya akiwa na tarehe za hedhi zake za miezi 6 iliyopita.