Kiharusi: Mkono Umepona, Mbona Mgonjwa Bado Anasahau?

Mzee ametoka hospitali wiki sita zilizopita. Mguu umepata nguvu, anatembea hadi langoni bila mkongojo, na majirani wanampongeza. Ndani ya nyumba mambo ni mengine. Amemtumia fundi pesa kwa simu mara mbili kwa kazi ile ile. Dawa ya presha aliyomeza asubuhi anaimeza tena saa nne. Akiulizwa, anakuja juu. Watoto wanasema baba amekuwa mkaidi, na wapo wanaonong'ona kuhusu uchawi.

Hali kama hii huzua ugomvi katika familia nyingi, ilhali chanzo chake ni jeraha la ubongo ambalo jicho haliwezi kuliona.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna ghala la akiba. Mshipa ukizibwa na bonge la damu, seli zilizo katikati ya eneo lililokosa damu hufa kwa dakika chache. Zilizo pembezoni hubaki mahututi kwa saa kadhaa: ziko hai, ila hazifanyi kazi. Hizo ndizo madaktari hupigania. Watafiti wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba na mgonjwa asitibiwe, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hupotea kila dakika.

Seli zinazokufa humwaga glutameti, kemikali ambayo kwa kawaida hupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Ikizidi hugeuka sumu na kuua seli jirani. Kisha seli za kinga huja kusafisha mabaki. Ni kazi ya lazima, lakini zinaweza kukaa kwa wiki au miezi zikiendelea kuudhuru ubongo ule ule zilioujia kuusaidia.

Ukubwa wa jeraha nao si hoja pekee. Sehemu iitwayo haipokampasi ndiyo husajili kumbukumbu mpya, na thalamasi ni kama steji kuu ambako ujumbe hupitia ukielekea kwingine. Jeraha dogo katika thalamasi laweza kuvuruga kumbukumbu na umakini kuliko jeraha kubwa kwingineko.

Mkazi yeyote anajua kinachotokea daraja likisombwa na mafuriko. Soko la ng'ambo halijabomoka hata kibanda kimoja, lakini siku hiyo halina biashara. Ubongo hufanya vivyo hivyo: sehemu nzima, iliyo mbali na jeraha, hufifia kwa sababu njia ya kuifikia imekatika. Daktari Constantin von Monakow wa Zurich alieleza jambo hili mwaka wa 1914.

Presha ya miaka mingi hukata njia hizo polepole hata kabla ya kiharusi kujulikana. Huifanya mishipa midogo ndani ya ubongo kuwa migumu na myembamba, na nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo hukosa damu ya kutosha. Ndiyo maana mzee aweza kusimulia bila kukosea habari za ujana wake, lakini akashindwa kupanga bajeti ya wiki. Kwa baadhi ya wazee, ugonjwa wa Alzheimer nao huwa umeanza kimyakimya, na kiharusi huja kuufichua.

Hata hivyo, si kila usahaulifu ni wa kudumu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kutokana na maambukizi ya mkojo au kifua, ambayo yana tiba. Sonona huwapata takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi, hufanana sana na usahaulifu, na hutibika pia. Kwa hiyo familia imweleze daktari mabadiliko ya akili na hasira, si habari za mguu na mkono pekee. Nyumbani, dawa ziwekwe katika kisanduku chenye siku za wiki, na mtu mmoja anayeaminika amsaidie mgonjwa na pesa za simu bila kumnyang'anya heshima yake.

Hatari kubwa ni kiharusi cha pili. Utafiti umeonyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata shida kubwa ya akili muda mfupi baada ya kiharusi cha kwanza. Kikirudi, idadi hiyo hupita thuluthi moja. Dawa ya presha basi isiachwe kwa sababu tu mgonjwa anajisikia vizuri. Wahamasishaji wa afya ya jamii wana mashine za kupimia presha, na hupima wakazi wakiwatembelea nyumbani.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka ghafla, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja bila kupewa chakula wala kinywaji. Saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho iandikwe, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na daktari ataiuliza kabla ya mengine yote.