Upasuaji wa Kupunguza Tumbo: Unamfaa Nani?

Kwa miaka mingi kitambi kilihesabiwa miongoni mwetu kuwa dalili ya neema. Sasa kisukari na shinikizo la damu vimeingia majumbani, na wako wanaouliza habari za upasuaji wa kupunguza tumbo. Yafaa jambo hili lieleweke kabla mtu hajauza kiwanja.

Upasuaji huu hauondoi mafuta mwilini. Kinachopunguzwa ni mfuko wenyewe wa chakula. Aliyeuanzisha kwa njia hiyo, mwaka 1966, ni Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko huo walikonda wasinenepe tena. Njia itumikayo zaidi siku hizi ni kuukata kwa urefu na kutoa zaidi ya robo tatu, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Pamoja nacho huondoka sehemu kubwa itoayo grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na wataalamu wa Kijapani mwaka 1999. Ndiyo maana mgonjwa, mbali ya kushiba upesi, hupungukiwa na hamu yenyewe, walau kwa muda.

Si kila mnene astahiliye. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Tangu 1991 kiwango kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilipendekeza kishuke hadi 35 na 30. Mtu wa mita 1.60 hufikia 35 akiwa na kilo 90 hivi. Mwenye kitambi cha harusi asijisumbue.

Lililo zito ni maisha ya baadaye. Wiki za kwanza ni za supu iliyochujwa na uji mwepesi. Kisha hula vijiko vichache, akianza na samaki, mayai au maharage. Maji hayanywi pamoja na chakula. Vidonge vya vitamini na madini humezwa maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka, la sivyo huingia upungufu wa damu na udhaifu wa mifupa. Akirudia soda na vitafunio, unene nao hurudi. Na mwanamke husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba, ingawa akipungua uzito uwezo wa kuzaa huweza kumrudia upesi kuliko adhaniavyo.