Binti mfalme wa nyumbani kwetu

Siku hizi watoto wetu wa kike hapa Kasongo na kule Kabambare wanaona mabinti wafalme kwenye simu, na siku ya kuzaliwa ikikaribia wanataka kuvaa kama wao. Tusiwakatalie. Lakini tusiingie deni, wala tusimalize zamu yetu ya likelemba kwa nguo ya siku moja wakati vitu vya masomo vinangoja.

Taji tulikate kwenye katoni, tubandike karatasi ya kung'aa. Vipande vya vikwembe vilivyobaki kwa mshonaji vinatosha sketi. Mwenye mafuta alete mafuta, mwenye unga alete unga: tukaange mandazi, tuongeze karanga, nanasi na maji ya tangawizi.

Watoto wakishashiba, tuwahadithie binti mfalme wa kweli. Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Katika jumba lao wasichana walifundishwa kusoma, si kuandika. Akajifundisha kwa siri, akiiga herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, na mpaka leo kinasomwa.

Basi zawadi iwe daftari na kalamu. Mtoto aandike jina lake mbele ya wageni, tumpigie makofi. Na mama asiyejua kuandika asione haya: kesho yake akae karibu na binti yake, wajifunze pamoja.